Mdogo Wake Sajenti

Tangu wakili amwambie habari ya miaka ishirini, Fundi hakutulia tena. Mara aketi kwenye kiti cha cherehani, ashone mshono usiozidi kiganja, ainuke, aende mlangoni, aichungulie barabara ya kambi kama anayemsubiri mgeni, arudi, agundue kwamba mkono wa kulia wa shati ameushonea kushoto, aanze kufumua. Mke wa koplo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimvumilia mpaka adhuhuri, kisha akamsemesha kupitia dirishani.

"Shoga, una nini leo? Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Macho yananisumbua."

"Macho ndiyo yanakutembeza? Mimi nilidhani miguu."

Fundi alicheka kwa adabu ya ujirani, akarudi kufumua. Lakini hakuwa amedanganya. Macho yake yalikuwa na presha, ule ugonjwa unaokula uoni polepole kuanzia pembeni, na dawa yake ni matone ya kila siku, maisha yote. Vichupa hivyo alivipata bure hospitali ya jeshi kwa kadi ya mke wa askari. Huko nje viliuzwa kwa bei ambayo mtu wa kushona suruali za watu haifikii hata akiacha kula. Bila kadi hakuna matone, bila matone hakuna macho, na fundi asiye na macho mimi sijui anaitwaje.

Kambi nzima ilimwita Fundi, hata mumewe. Alikuwa amemfuata mume huyo kambi tano, na katika kila uhamisho cherehani ilipanda lori mwisho ili ishuke kwanza. Alikuwa na sanduku la bati ambalo hakuwahi kulitoa vitu vyote, kwa kuwa kulifungua ni kujipa kazi ya kulifunga. Mapazia yake aliyashona marefu kupita kiasi, maana madirisha ya kambi inayofuata hayajulikani. Mtu akiishi hivyo miaka na miaka, mwili wenyewe unajifunza kutokaa.

Sasa Sajenti alikuwa anakaribia kustaafu, na katika kufungasha mambo yake aliamua kwamba mke hatakuwa miongoni mwa mizigo. Huko mpakani alikopelekwa kulinda alijipatia mwanamke mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye nyumba yake na kisima chake. Hakumpiga Fundi, hakumtukana. Alileta karatasi ya mahakama kama anayeleta bili ya maji, akaiweka juu ya cherehani, na pembeni yake akaweka sare yake ya gwaride.

"Kiuno kinabana," alisema. "Wananiaga karibuni. Ukipata nafasi."

Mwanaume anakuletea talaka na suruali kwa mkono mmoja! Na Fundi, badala ya kumtupia vyote viwili usoni, aliitazama sare akaona pa kuachia nafasi. Ni yeye tu aliyejua kwamba bega la kushoto la Sajenti limelala kidogo, kwa kubeba redio nzito ujanani, na kwamba fundi mwingine yeyote angelishona sawa na la kulia, koti likakaa kombo.

Basi akaenda kwa wakili, binti mdogo mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wakili alimkaribisha kiti, Fundi akakaa ukingoni.

"Mama, sheria ya mafao ni hivi," wakili alisema. "Mke aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini mumewe akiwa kazini, wakiachana anapata fungu lake la pensheni kila mwezi, na kadi ya hospitali hanyang'anywi. Akipungukiwa, anaambiwa ahsante. Cheti chenu kina miaka kumi na minane."

"Hicho cheti kinasema uongo," Fundi alisema, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno kinywani.

Wakili aliweka kalamu chini. "Hebu nieleze."

Ikabidi aeleze. Jeshi lile lilikuwa na amri kwamba askari mpya haoi mpaka atimize miaka saba kazini na apewe kibali. Kijana aliyekuja kuwa Sajenti aliivumilia amri hiyo mpaka likizo yake ya kwanza. Alikwenda kwao, akamwoa binti wa jirani mbele ya wazee wa pande zote mbili, watu wakala wakashiba, akarudi kambini na uso mkavu wa kapera. Mkewe akamfuata kimyakimya, akapanga chumba nyuma ya ukuta wa kambi, akaweka cherehani barazani. Kwa macho ya wote alikuwa fundi tu wa kupunguza sare, na kama kulikuwa na askari mmoja ambaye sare zake zilihitaji kupunguzwa kila jioni, nani angeuliza?

Mtoto wa kike akazaliwa. Siku moja alishikwa na homa ya mapafu, anapumua kwa shida, na hospitali ya karibu ilikuwa ya jeshi. Hospitali ile ilitibu watoto wa askari, na pia wadogo wa askari waliofiwa na mzazi. Askari asiye na mke hana mtoto. Basi pale dirishani, mtoto begani, karani alipouliza huyu ni nani wako, kijana akajibu bila kupepesa, "Mdogo wangu. Mama yetu alishafariki." Kwa sentensi moja akamgeuza binti yake kuwa dada yake, na akamzika mama yake mzazi, ambaye saa ileile alikuwa shambani anapalilia, hana hata mafua.

Mtoto akapona, na uongo nao ukapona. Ikabidi utunzwe. Fundi mwenyewe ndiye aliyemkalisha mtoto mapajani akamfundisha: yule ni Kaka. Mbele ya watu, Kaka. Nyumbani pia, usije ukasahau mbele ya watu. Miaka saba ilipotimia, kibali kikatoka, na Fundi akaolewa mara ya pili na mwanaume yuleyule, safari hii kwa cheti na bendi ya kambi. Binti yake, mwenye miaka mitano, alimshikia pindo la gauni, na wake za maafande wakasema wifi yake bibi harusi ana adabu kweli. Tangu siku hiyo kambi ikamwita binti huyo Wifi.

Nia ya kurekebisha ilikuwepo. Lakini kurekebisha kulitaka mtu akiri kosa, na kila mara palikuwa na cheo kinachonukia. "Acha kwanza nipate ukoplo," alisema. Alipoupata, "Acha kwanza nipate usajenti." Wakazaliwa wavulana wawili, wakaandikwa kwa jina lake kihalali. Mezani wawili wakawa wanasema Baba nisogezee chumvi, na mkubwa wao anasema Kaka nisogezee chumvi. Mwanzoni walicheka. Baadaye hakuna aliyesikia tena.

"Kwa hiyo ndoa ina miaka ishirini na minne," wakili alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Tunaweza kuithibitisha. Yeye akiri, au apimwe damu na huyo binti, au tupate shahidi. Lakini uelewe jambo moja, mama. Tukilisema hili, jeshi litajua alidanganya. Wanaweza kukata kiinua mgongo chake, wakamtoa bila heshima yoyote. Na pensheni yake wakiigusa, fungu lako nalo linaguswa."

Ndiyo maana Fundi hakutulia. Akinyamaza, macho yanakwenda. Akisema, anamvua nguo mbele za watu mwanaume aliyemshonea nguo nusu ya maisha yake.

Siku ya pili alimfuata Sajenti kazini, stoo ya vifaa, kwenye harufu ya turubai na mafuta ya bunduki. Alimkuta anahesabu mablanketi.

"Sema ukweli siku moja tu," alimwambia. "Mbele ya hakimu. Mengine nitabeba mwenyewe."

"Ukweli gani, Fundi? Nimeingia jeshini ndevu hazijajaa. Nimebakiza wiki chache. Nataka nipite mbele ya gwaride, bendi ipige, nitoke getini na jina safi. Unataka nitoke kama mwizi wa sabuni?"

"Na macho yangu?"

Sajenti alitazama rafu. "Hela ya dawa nitakuwa natuma."

"Utatuma mpaka mwenye duka aseme basi."

Sajenti aliweka sawa blanketi ambalo lilikuwa sawa tayari, kisha akauliza, "Suruali imekwisha?"

"Imebaki pindo," Fundi alijibu, na njia nzima ya kurudi alijilaani kwa jibu hilo la upole.

Hakuingia nyumbani. Alipitiliza mpaka mjini, kwenye ghala la vifurushi ambako binti yake alifanya kazi ya kupima mizigo na kuibandika majina. Walikaa juu ya maboksi. Fundi alimweleza habari ya kipimo cha damu haraka haraka, akikunjakunja ncha ya kitenge.

"Nikatolewe damu ili ijulikane nini?" binti aliuliza. "Baba yangu mimi namjua. Ni Kaka."

Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu, ni kwa ajili ya..."

"Najua ni kwa ajili ya nini, Mama. Macho yako nayapenda. Lakini wadogo zangu wako bweni kwa ada ya jeshi, na litawasomesha mpaka chuo, mimi nikaambiwa dada wa askari mwisho wake sekondari, na yeye akanyamaza. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Sitaki kusemewa na kichupa cha damu."

Fundi alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kilichokuja ni aibu. Alimkumbuka mtoto wa mapajani akirudia lile neno, Kaka, Kaka, huku akipigiwa makofi kwa kulitamka vizuri, na akaona haya kumtazama mwanawe usoni. Alimshika mkono tu, akaondoka.

Akabaki mtu mmoja. Wazee walioshuhudia ile ndoa ya kwanza walishatangulia mbele ya haki, wote isipokuwa yule ambaye kwa karatasi za jeshi alikuwa wa kwanza kutangulia. Fundi alisafiri kutwa nzima kwenda kwa mama mkwe wake. Alimkuta anachambua mbegu uani, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka.

Bibi huyu alijua kwamba amekufa. Alipokuja kambini kuwatembelea, alitambulishwa kama shangazi, na aliitikia. Fundi alimweleza yote, hata yale ya mwenye duka, na mwisho akasema, "Mama, naogopa. Nitakuwa nimekuchonganisha na mwanao."

"Alishanizika, mwanangu. Utanichonganisha naye vipi?" Bibi alipuliza makapi. "Nilikubali kwa ajili ya mapafu ya mtoto. Mtoto kapona, kakua, na mimi bado marehemu. Nimechoka kuwa marehemu. Ila nikifika huko sitamsema vibaya. Nitasema nani ni nani, basi."

Usiku huo Fundi alilala chumba kimoja na mkwewe. Bibi alikoroma kwa amani, na yeye alihesabu mabati.

Siku ya kesi ilifika. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni imesimama, madawati yananata. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua miwani kila aliposikiliza na kuivaa kila alipoandika. Sajenti alikaa wima kama yuko kwenye ukaguzi. Fundi alikula kiapo, akaeleza ndoa ya kwanza na mtoto wa kwanza, sauti inapanda na kushuka. Wakili wa Sajenti akasimama, mpole kabisa, akasema hadithi ni nzuri lakini cheti ni kimoja, na yule binti anajulikana kambi nzima kuwa ni mdogo wake Sajenti. Ndipo bibi akaitwa.

"Una uhusiano gani na hawa?" hakimu aliuliza.

"Huyu wa kiume nimemzaa. Ila jeshini kwao mimi nimeandikwa marehemu."

Karani aliacha kuandika. Mtu nyuma aliguna.

"Bibi, hapa hatufanyi mzaha."

"Na mimi sijacheka, mheshimiwa. Nilipomzaa huyu niliumia, daktari akaniondoa kizazi. Hana mdogo. Hajapata kuwa naye. Huyo wanayemwita mdogo wake ni mjukuu wangu, na siku baba yake alipomwoa mama yake ni mimi niliyepika."

Hakimu alivua miwani, akamgeukia Sajenti. Sajenti alikuwa ameshasimama bila kuambiwa, mikono imebana mapajani.

"Sajenti, huyu bibi ni nani kwako?"

Kumuua mama dirishani ni rahisi, mama hayupo. Hapa alikuwepo, amevaa viatu vya kuazima vinavyombana, anamtazama mwanawe bila kinyongo, kama anayengoja kusikia kama amekula. Fundi aliliona lile bega la kushoto likizidi kushuka.

"Ni mama yangu, mheshimiwa."

"Na yule pale?"

Wote waligeuka. Binti alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli ya ghala. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ametoroka kazini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kusikia neno alilolizoea.

"Ni mwanangu," Sajenti alisema. "Wa kwanza."

Fundi alikuwa amelingoja jibu hilo kwa wiki nzima. Lilipofika, furaha aliyoiandalia nafasi haikuja. Mikono ilikosa pa kukaa. Alikuwa ameshinda, na alitamani kutoka mle ndani akimbie.

Koridoni binti alinunua chupa ya maji, akamsogelea Sajenti aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Kaka, maji."

Sajenti alipokea. "Si umesikia nilivyosema mle ndani? Sasa hakuna tena wa kumficha."

"Nimesikia. Nipe muda. Mlinifundisha vizuri sana."

Hukumu ilitoka. Hakimu aliihesabu ndoa tangu siku ya wazee, Fundi akapewa fungu lake la pensheni na kadi yake. Jeshi nalo likakaa kikao chake. Pensheni hawakuigusa, lakini kiinua mgongo walikikata, na gwaride la kumuaga Sajenti likafutwa. Aliondoka siku ya kazi, saa za kazi, mkoba begani, na mlinzi wa geti alikuwa kijana mgeni asiyemjua. Yule mwenye duka alimpokea, ila watu wanasema hakumpokea kwa shangwe aliyokuwa akiitarajia.

Fundi alihama nyumba za kambi, akapanga vyumba viwili karibu na hospitali. Cherehani ilishuka kwanza. Asubuhi anatia matone, anasubiri macho yaache kuwasha, anaanza kazi. Aliyoyapigania alikuwa nayo, na bado aliendelea kuinuka inuka. Sare ya gwaride ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani. Alikuwa amemaliza pindo, akaipiga pasi, mistari inasimama, na mwenyewe hakuja kuichukua. Kuikunja alishindwa, kuificha sandukuni alishindwa. Kila akiinuka anakutana nayo. Hakujuta kusema, wala raha hakuwa nayo, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwake bila kusukumana.

Jumamosi moja binti yake alipita akitoka kazini. Alikunywa maji, akalalamika juu ya msimamizi wa ghala, kisha akaishusha sare kwenye msumari na kuanza kupekua kona za chumba.

"Unatafuta nini?"

"Mfuko. Hivi wewe Mama huna hata mfuko mmoja mzima?"

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Nampelekea Baba. Gwaride halipo, lakini nguo ni yake. Na huu nao umetoboka! Kwa nini unatunza mifuko iliyotoboka?"

Aliendelea kupekua. Alikuwa amelisema neno lile mgongo ukiwa umegeuka, huku anagombana na mifuko, na mwenyewe hakusikia kwamba amelisema. Fundi alisikia. Hakuthubutu kumgutusha.

"Kuna mmoja chini ya kitanda," alisema. "Mwambie bega la kushoto nimeliacha vilevile."

"Nitamwambia."

Binti aliipanga sare ndani ya mfuko, akaubana kwapani, akaaga. Nyayo zake zilishuka ngazi, geti la chini likalia. Fundi hakwenda mlangoni kumchungulia. Alibaki amekaa pale pale, mguu juu ya pedali ya cherehani, mikono imetulia juu ya kitambaa.